Ukishakoma kuzaa, nani atakupima?

Ni saa moja asubuhi katika mtaa wa Hai Malakal, jijini Juba. Jua limeanza kuchoma. Waendesha boda boda wanapigiana honi, na akina mama wa chai wamekwisha kuwasha majiko yao ya mkaa kando ya barabara.

Katika ua ninamopanga chumba, mama mwenye nyumba ameketi juu ya kitanda cha kamba chini ya mwembe. Leo hapigi soga kama ilivyo kawaida yake. Mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyopewa hospitalini wiki iliyopita. Hajui kusoma, lakini yaliyoandikwa humo anayajua.

Sote hapa tunamwita Habuba, neno la Kiarabu cha huku lenye maana ya bibi. Jina lake halisi silitaji kwa kuwa aliniomba nisilitaje.

"Andika," aliniambia. "Lakini jina langu liache. Wanawake watajua unamzungumzia nani, maana ni wao wenyewe."

Karatasi ile inasema ana saratani ya mlango wa kizazi.

Makala haya si ya Habuba peke yake. Ni ya mamilioni ya wanawake waliomaliza kuzaa, ambao huduma za afya, huku Juba na hata kwetu Kenya, huwasahau mara tu wanapoacha kubeba mimba. Nayaandika nikiwa mmoja wao. Mwaka huu nimetimiza miaka 52.

Umri wa kukadiria

Hai kwa Kiarabu ni mtaa. Mtaa huu umepewa jina la Malakal, mji ulio kaskazini ya hapa kwenye kingo za Mto Nile. Ni mtaa wa watu wa kila kabila, na ndani yake mna makaburi ya zamani ambako watu waliokosa makao walijenga vibanda na kulea watoto kando ya marehemu. Kiswahili hukosi kukisikia, kwa maana wapo Wakenya na Waganda wafanyabiashara, na wapo vijana wa Sudan Kusini waliokulia katika kambi za wakimbizi.

Mmoja wa vijana hao ni mjukuu wa Habuba, msichana wa miaka 23 aliyesomea Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992. Yeye ndiye mkalimani wetu. Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya tu katika soko la Konyo Konyo.

Habuba hajui tarehe aliyozaliwa. Kwenye kitambulisho chake imeandikwa Januari 1, kama ilivyoandikwa kwa maelfu ya wenzake. Anachokumbuka ni kuwa mkataba wa Addis Ababa, uliomaliza vita vya kwanza vya Kusini, ulipotiwa saini mwaka 1972, yeye alikuwa msichana anayeweza kubeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika. Kwa hesabu hiyo, ana miaka sitini na kitu.

Amezaa watoto tisa na kuzika wanne. Vita vya pili vilimpeleka Khartoum, akaishi huko kwa miaka mingi na kurudi Juba baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005. Katika miaka yote hiyo, anasema, alipimwa na daktari au mkunga kila alipokuwa na mimba.

Mimba zilipokwisha, vipimo navyo vilikwisha.

Kila joto ni malaria

Kabla sijaendelea na yake, nieleze kwanza yaliyonipata mimi, kwa sababu ndiyo yaliyonifumbua macho.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuamka usiku nikiwa nimelowa jasho hadi shuka inakamulika. Mchana joto lilinipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, moyo ukadunda, halafu baada ya dakika chache likaondoka. Usingizi ulipotea. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa watu wasio na kosa.

Nilikwenda kwenye zahanati moja ya binafsi. Nikapimwa damu, nikaambiwa ni malaria, nikachomwa sindano. Baada ya mwezi mmoja nikarudi na dalili zile zile, nikaambiwa malaria imerudi, na safari hii ina taifodi pembeni yake. Mara ya tatu niliandikiwa dawa kabla hata ya kutolewa damu.

Katika ziara zote tatu, hakuna aliyeniuliza umri wangu.

Aliyeniuliza ni mkunga mstaafu niliyekaa naye kiti kimoja ndani ya basi la Nimule. Aliniona nikijipepea kwa gazeti huku abiria wengine wamejifunika shali, maana ilikuwa alfajiri na baridi. Akaninong'oneza, "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?"

Nikahesabu. Ilikuwa imepita miezi minane.

Akacheka kidogo, akasema, "Basi hiyo si malaria. Ni umri."

Ukomo wa hedhi humpata mwanamke kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na mwili mzima hupata habari. Dalili zinaweza kuanza miaka kadhaa kabla ya hedhi kukatika kabisa: joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, maungo kuuma, ukavu ukeni, hasira na huzuni isiyo na sababu. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona hedhi.

Sisemi kuwa kila homa ya mama mtu mzima ni ukomo. Malaria inaua, na huku Juba ipo mwaka mzima. Lakini joto la ukomo huja na kwenda kwa dakika, tena halipandishi kipimajoto kama inavyofanya malaria. Kipimo sahihi cha damu, kipimajoto na swali moja kuhusu umri vinatosha kutenganisha mambo haya. Anayemeza dawa za malaria asiyokuwa nayo hupoteza fedha, na ugonjwa wake halisi, kama upo, huendelea kukua kimya kimya.

Mlango wa wajawazito

Ingia katika kituo chochote cha afya cha serikali hapa na utazame kutani. Mabango yanamwonyesha mama mwenye tumbo kubwa, mama anayenyonyesha, mtoto anayechanjwa, mama na mwanawe chini ya chandarua. Ukikaa kwenye benchi la akina mama, wa kulia kwako ana mimba na wa kushoto amempakata mtoto.

Haya hayakuja kwa bahati. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, wanawake 2,054 walikuwa wakifa kwa kila vizazi hai 100,000 kwa sababu za ujauzito na kujifungua. Kilikuwa miongoni mwa viwango vibaya kuliko vyote duniani. Nchi ilipopata uhuru Julai 9, 2011, serikali na wafadhili walielekeza nguvu huko, na ilikuwa haki yao. Chuo cha uuguzi na ukunga cha Juba kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2010 ili kupunguza vifo hivyo. Watoto nao wana hospitali yao ya Al Sabah.

Hakuna mwenye akili timamu atakayelalamikia hilo. Habuba mwenyewe binti yake mmoja alikufa akijifungua, na mjukuu huyu anayenitafsiria ndiye aliyebaki.

Lakini mlango uliofunguliwa ni mmoja. Mama asiye na tumbo wala mtoto mgongoni akifika hapo, muuguzi humtazama kana kwamba amepotea njia. Humuuliza, "Umemleta nani?"

Niliongea na muuguzi mmoja wa hapa Juba, ambaye hakutaka kutajwa kwa kuwa haruhusiwi kuzungumza na waandishi. Alikiri kuwa hali ndiyo hiyo.

"Mafunzo yetu mengi ni ya uzazi na watoto," alisema. "Dawa tunazoletewa ni za malaria, kuhara, kichomi na uzazi. Mama mzee akija na presha, nampima kama mashine ina betri, halafu namwambia akanunue dawa. Najua hatanunua."

Damu iliyorudi

Habuba aliacha kuona hedhi muda mfupi baada ya kurudi kutoka Khartoum. Anasema alishukuru Mungu, akaona amepumzika.

Msimu wa mvua uliopita aliona tone la damu kwenye nguo yake. Alidhani ni kwa sababu ya kubeba madumu ya maji. Lilipotokea tena, alimwuliza jirani wa rika lake. Jirani alicheka na kumwambia ujana umemrudia, labda anataka mtoto wa kumi.

Akanyamaza. Aibu ilimzuia kuwaambia wanawe. Alikwenda peke yake kwenye duka la dawa, akasema tumbo linauma, akauziwa vidonge. Alikwenda zahanati, akaambiwa ni maambukizi, akapewa dawa nyingine. Hakuna aliyemlaza kitandani na kumtazama.

Miezi ikapita. Mjukuu wake ndiye aliyegundua, alipokuta vitambaa vilivyofuliwa vimeanikwa nyuma ya choo, mahali ambapo jua halifiki.

"Nilidhani ni vya dada yangu mdogo," aliniambia. "Nilipomwuliza Habuba, aligeuza uso. Hapo nikajua."

Alimpeleka hospitali, na safari hii alikataa kutoka hadi bibi yake aonwe na daktari wa magonjwa ya kina mama. Daktari alimkagua, akachukua kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo. Majibu yalichukua wiki kadhaa, na ndiyo hayo yaliyo katika karatasi iliyokunjwa.

Wanawake wote wanaosoma makala haya, na waume zao, walishike jambo moja: damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi si ya kawaida. Si ujana. Wakati mwingine chanzo chake ni kidogo, kama vile ukavu wa uke au uvimbe usio na madhara. Lakini inaweza kuwa ishara ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa kizazi wenyewe. Hata ikiwa ni tone moja, ni lazima mama akaguliwe kwa macho na mikono. Kumkadiria kutoka ng'ambo ya meza hakutoshi.

Jambo la pili linahusu aibu. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mmoja wa jamaa wa Habuba aliposikia hivyo, alianza kuuliza mama wa umri ule alikuwa akifanya nini. Angejua kwamba kirusi hiki huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, angenyamaza. Mwanamke anayeugua leo huenda alikipata angali mke kijana akinyonyesha mtoto wake wa tatu, na huenda aliletewa nyumbani na mumewe.

Kipimo kisichomwona bibi

Katika Afrika Mashariki kipimo kinachojulikana zaidi ni kile cha siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe. Ni kipimo cha bei nafuu, majibu hutoka hapo hapo, na vidonda vya awali vinaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo kabla havijawa saratani. Kimeokoa wengi.

Hata hivyo, kwa mama wa umri wa Habuba kipimo hiki hakifai. Baada ya ukomo wa hedhi, eneo ambalo saratani huanzia hurudi ndani ya mlango wa kizazi, na jicho la mpimaji haliwezi kulifikia. Anaweza kuambiwa yu salama kumbe sivyo.

Kipo kipimo kingine, cha kutafuta kirusi chenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu mwaka 2021 linapendekeza hicho kiwe cha kwanza, kuanzia miaka 30, na kirudiwe kila baada ya miaka mitano hadi 10. Uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, bila kumvulia mtu nguo. Kwa akina mama wa kwetu wanaoona haya mbele ya daktari kijana wa umri wa wanao, hilo si jambo dogo.

WHO mwaka 2020 liliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Uganda ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Ni habari njema kwa wajukuu. Bibi zao hawakuipata, na kwao kilichobaki ni kupimwa na kutibiwa mapema.

Kikao chini ya mwembe

Ugonjwa wa Habuba haukugunduliwa mapema. Daktari alimweleza kuwa upasuaji peke yake hautatosha, anahitaji tiba ya mionzi. Sudan Kusini haina mashine ya mionzi ya kutibu saratani.

Zamani wagonjwa wengi wa huku walikimbilia Khartoum, mji ambao Habuba anaujua kuliko Juba yenyewe. Vita vilipozuka huko Aprili 15, 2023, njia hiyo ilikatika. Kilichobaki ni Nairobi kwa wenye uwezo wa ndege, na Kampala kwa wanaopanda basi, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago. Hata huko watu wameonja shida: mashine yao ya mionzi iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018.

Jumapili moja familia ilifanya kikao chini ya mwembe. Niliruhusiwa kukaa.

Fedha ya Sudan Kusini imeporomoka mno. Pauni ilipoanza kutumika mwaka 2011, dola moja ilikuwa takriban pauni tatu. Desemba 2015 serikali ilipoacha soko liamue, ikaruka hadi pauni 18 na nusu kwa siku moja. Leo ni pauni maelfu. Mshahara wa mtoto wake mkubwa, ambaye ni mtumishi wa serikali, hulipwa kwa kuchelewa na haununui hata tiketi za basi za watu wawili.

Mali pekee ya maana ni ng'ombe wachache walioachwa kwa ndugu upande wa Terekeka, ambao wametengwa kwa ajili ya mahari ya kijana mdogo wa nyumba.

Nilitarajia wanaume ndio watakaogoma. Aliyegoma ni Habuba.

"Ng'ombe ni wa kijana," alisema. "Mimi kazi yangu nimemaliza. Nimekwisha kuzaa."

Watu walitazama chini. Mjukuu wake akasimama, jambo ambalo msichana hafanyi katika kikao cha namna hiyo, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alihesabu watu wanaokula katika sufuria ya Habuba kila siku. Walikuwa tisa, sita kati yao wakiwa watoto, na wawili hawana mama.

"Nani kasema kazi imekwisha?" aliuliza.

Mtoto mkubwa alikohoa, kisha akasema ng'ombe wawili watauzwa na mdogo wake atasubiri. Kijana mwenyewe hakusema neno, ila alitikisa kichwa kukubali.

Si presha tu

Habari ilipoenea kuwa Habuba anakwenda Kampala, wanawake wa mtaa walianza kuja kumjulia hali. Walikuja na sukari, sabuni na maandazi. Na kila mmoja, alipoona watu wamepungua, alitoa la kwake.

Mmoja, muuza chai wa miaka kama 50, alisema kichwa humgonga asubuhi. Alipimwa presha mwaka juzi akapewa dawa, akazimeza mwezi mmoja, kichwa kikatulia, akaacha. Ndilo kosa la wengi. Shinikizo la damu, yaani 140 kwa 90 na kuendelea, kwa kawaida halina dalili, na dawa zake si za dozi ya siku tatu kama za malaria. Kwa mujibu wa WHO, karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Kabla ya ukomo, wanawake huwa na nafuu kidogo kuliko wanaume. Baada yake nafuu hiyo hupotea, na wengi huijua presha siku wanapoanguka kwa kiharusi.

Mwingine alichukua muda mrefu kusema. Baada ya mtoto wa saba, kitu kinamshuka ukeni anapoinua dumu la maji, na mkojo unamponyoka akikohoa. Alidhani ni laana. Huko ni kushuka kwa kizazi, tatizo la wanawake waliozaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kuna kipete cha kuwekewa ndani, na kuna upasuaji. Si laana, na wala hapaswi kulala nje kwa ajili ya harufu.

Wa tatu ni bibi aliyeteguka kidogo tu uani, akavunjika kiwiko cha mkono. Estrojeni ikipungua, mifupa nayo hupungua uzito na kuwa myepesi kuvunjika. Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta unaouzwa tele katika masoko ya Juba, jua kidogo na kutembea kila siku husaidia, hasa kwa anayeanza mapema.

Wa nne hakuona vizuri, akidhani ni uzee. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Lakini katika maeneo mengi ya Sudan Kusini kuna pia trakoma, ambayo hugeuza kope zikakwaruza jicho hadi linapofuka. Duniani kote trakoma hupofusha wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi.

Wote wanne walikuwa wamekwenda kituo cha afya kwa nyakati tofauti. Wote wanne waliambiwa neno moja: uzee.

Uzee si ugonjwa. Ukitajwa kama jina la ugonjwa, maana yake ni kwamba aliyekupima amechoka kutafuta.

Yanayowezekana

Najua serikali ya nchi iliyopigana tangu Desemba 2013, na ambayo mkataba wake wa amani wa mwaka 2018 bado unalegalega, haitajenga hospitali ya saratani kesho. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nyingi ya nchi zetu, si Sudan Kusini peke yake, hazijatimiza.

Lakini yapo yasiyohitaji mabilioni. Mashine ya kupimia presha hutumika katika kliniki za wajawazito. Siku moja kwa wiki, itumike kwa bibi aliyemsindikiza mjamzito. Mkunga aliyefundishwa kumkagua mama anayezaa anaweza kufundishwa kumkagua aliyekoma. Dawa za presha na kisukari ziingizwe katika shehena zile zile zinazoleta dawa za malaria. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Basi mgonjwa wa saratani kutoka Juba asihesabiwe mgeni katika hospitali za Kampala, Nairobi au Dar es Salaam.

Nasi wanawake tuna la kufanya. Ukifika miaka 40, pima presha na sukari walau mara moja kwa mwaka. Jipapase matiti, na ukikuta kivimbe kigumu usingoje kiume. Punguza chumvi. Ukienda kwa daktari, taja umri wako hata kama hujaulizwa, na useme hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini. Ukiona damu baada ya kukoma, nenda siku hiyo hiyo, na usitoke hadi ukaguliwe. Dawa za homoni zipo kwa wanaoteswa sana na ukomo, lakini usizinunue dukani bila daktari, maana si kila mwanamke zinamfaa.

Habuba aliondoka Jumanne. Basi la Kampala hupita barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012, kisha huvuka mpaka na kuingia Uganda. Mjukuu alibeba godoro jembamba, kisanduku cha chakula na karatasi ile, safari hii ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa, na fedha za ng'ombe wawili hawajui zitawafikisha wapi.

Kabla ya kupanda, Habuba alinishika mkono akasema kitu kwa Kiarabu, haraka haraka. Nilimtazama mjukuu anitafsirie.

"Anauliza kama wewe umeshapimwa."

Nilikuwa sijapimwa. Nimekwenda juzi.

Na wewe, msomaji, ukifika nyumbani muulize mama yako swali hilo. Akikujibu kwamba yeye amekwisha kuzaa, mwambie hukumwuliza hilo.